Mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, zile wiki za kwanza zilikuwaje? Tupeane uzoefu

Bi Nusu Sahani
Wadau salaam. Jana wifi yangu kanipigia kutoka wodini, kafanyiwa slivu, ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo, sauti haitoki, ananiuliza: "Mbona hukuniambia?" Nikakosa jibu. Ukituuliza tuliopita huko tutakutajia kilo na saizi ya nguo, zile wiki za mwanzo tunaziruka. Leo tuzitaje. Slivu, baipasi ya kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo, mkanda wa kubana tumbo, wote karibuni.

Naanza mimi. Kilichoniliza si kidonda, ni maji. Mimi niliyekuwa namaliza bilauri kwa pumzi moja, funda la pili tu kifua kinabana, natoa macho, nasubiri lishuke. Asubuhi mpaka usiku kazi ni hiyo moja, kunywa. Na bado mkojo ukawa wa rangi ya chai, nesi ananiangalia kwa jicho baya.

Tumbo Jipya
Umenikumbusha kile kikombe kidogo cha dawa! Unaambiwa ukimalize, unakiangalia, nacho kinakuangalia.

Kicheko
Nakazia. Na ukimeza hewa kwa bahati mbaya, umekwisha.

Nasubiri Tarehe
Mimi bado. Nipo kwenye lishe ya majimaji ya kabla ya upasuaji na nina hasira na kila kiumbe kinachotafuna. Hii hali inapita?

Mzee wa Supu
Inapita mdogo wangu, siku za mwanzo ndizo chungu. Usidokoe. Ini letu sisi wanene mara nyingi limejaa mafuta na limelalia tumbo, hiyo lishe ni ya kulisinyaza ili daktari apate njia. Likibaki kubwa anaweza kukufunga akakurudisha nyumbani vilevile. Na kama unavuta sigara acha sasa hivi, usingoje usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Msemakweli
Mtaniwia radhi. Haya yote ya nini? Funga mdomo, tembea. Mimi nimepungua bila kuguswa na kisu. Hii yenu ni njia ya mkato.

Kimbaumbau Mtarajiwa
Nilikuwa najiuliza leo kapotelea wapi.

Mkuu, ulipungua ngapi, kilo nane? Hapa wanaongea watu wa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 40 kwenda juu, magoti yamesagika, sukari haishikiki, usiku wanalala na mashine ya kupumulia. Slivu wanaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na ile sehemu ya juu inayoondoka ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoita njaa. Ukijikondesha kwa kujinyima mwili unaiongeza hiyo homoni, ndiyo maana tulikuwa tunapungua na kurudi, tunapungua na kurudi. Na mkato gani wa kukaa unanyonya maji ya supu kwa kijiko cha mtoto?

Msemakweli
Povu la nini sasa. Na wale wanaonenepa tena baada ya kukatwa, mbona hamuwataji?

Ngazi ya Pili
Tutaje, mimi mmoja wao. Miaka ilipopita sehemu ya uzito ilirudi. Sasa daktari kaniongezea sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, juu ya baipasi yangu na sioni haya. Mgonjwa wa presha mbona hamumuulizi atameza vidonge mpaka lini? Turudi kwenye mada.

Dada Kilemba
Turudi. Mimi niliamka nikijua tumbo ndilo litauma, kumbe bega! Hakuna aliyenidokeza. Wanajaza gesi ya kabonidayoksaidi tumboni ili kamera ipate nafasi, inayobaki inasumbua kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, maumivu yanatokea begani. Nilimwita nesi nikamwambia mmeniangusha nikiwa usingizini, semeni ukweli.

Kicheko
Hahahaaa "mmeniangusha". Bega ni gesi tu, wala msiogope. Tembea koridoni itatoka.

Tumbo Jipya
Bega ni gesi. Tembea.

Pini Moja
Naomba niwasimamishe kwenye hilo bega. Huwa nasoma na kupita, lakini "ni gesi, tembea" ndiyo niliyoambiwa mimi.

Nilifanyiwa slivu. Wodini nilikuwa mwanafunzi bora, natembea, nakunywa, wenzangu wananionea wivu. Nikaruhusiwa. Wiki ya kwanza haijaisha, jioni moja nyumbani, bega la kushoto likaanza. Lile la wodini lilikuwa linakuja na kuondoka, hili lilikuja kukaa. Nikapiga simu kule nilikofanyiwa. Aliyepokea akauliza maswali mawili, akasema ni gesi, tembea. Nikatembea. Nikazunguka sebule nimeshika ukuta, feni inazunguka na jasho linatiririka. Nikikaa, moyo unaenda mbio. Nikilala, pumzi fupi. Homa ilikuwa kidogo tu, si ya kumtisha mtu. Na kuna jambo ambalo mpaka leo sijui nilieleze vipi: nilijua nakufa. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na hakika, kwa utulivu kabisa, nikaanza kumwonyesha mke wangu karatasi za nyumba zilipo.

Mke wangu si mtu wa hospitali, ni fundi cherehani. Alinishika kiganja, akaangalia saa ya ukutani, akahesabu. Nimekaa kitini sifanyi lolote, mapigo zaidi ya 120 kwa dakika. Akaningoja nitulie akahesabu upya, vilevile. Hakubishana na mtu kwa simu. Alinivalisha viatu.

Mapokezi wakadhani ni damu iliyoganda kwenye mapafu, wakapima, hamna. Mwingine akasema ni wasiwasi tu, wengi huwa hivi baada ya upasuaji. Mke wangu akawa anarudia sentensi moja kama kasuku: "Kakatwa tumbo, moyo hautulii. Kakatwa tumbo, moyo hautulii." Mpaka akatokea daktari mmoja kijana akaagiza siti skani, ile ya kunyweshwa dawa inayoonekana kwenye picha. Picha ikaonyesha dawa imetoka nje ya tumbo. Mshono umevuja, juu kabisa, karibu na pale umio linapoingilia. Usiku uleule nikarudishwa mezani, wakaosha, wakaniachia mirija ubavuni.

Yaliyonivunja yalikuja baada ya hapo. Wiki na wiki sipitishi kitu mdomoni, hata hilo funda la maji mnalolilalamikia. Chakula kinapita kwenye mrija moja kwa moja hadi utumbo mdogo. Wakaniwekea stenti, kibomba cha wavu, ndani kuziba panapovuja, nikawa natapika mate yangu mwenyewe. Kitanda cha jirani wanaletewa chakula, mimi nageukia ukutani. Kilichokuwa kinanila ni kwamba nilikwenda pale kwa miguu yangu. Mwenzangu wa kitanda cha pili aligongwa na gari. Mimi niliweka sahihi.

Nimepona. Uzito umeshuka, dawa za sukari sinywi tena. Ukiniuliza kama ningerudia, jibu linategemea umeniuliza siku gani.

Kicheko
Pole sana mkuu. Hahaha yangu ya pale juu naifuta.

Bi Nusu Sahani
Nimempigia wifi sasa hivi nimwambie ajishike kiganja. Kaniambia nimuache alale.

Nasubiri Tarehe
Nimesoma nimesimama. Naahirisha.

Kimbaumbau Mtarajiwa
Pini Moja pole kwa yaliyokukuta, ila kuna watu wanangoja kisu hapa. Kuna namna ya kusema mambo.

Dada Kilemba
Namna ipi? Ya kunong'ona? Mimi nimetoka kuandika bega ni gesi na watu wakanipigia makofi. Mwache aseme.

Kimbaumbau Mtarajiwa
Sijamkataza. Nimesema namna.

Msemakweli
Mnaona sasa? Nilisema mimi.

Ngazi ya Pili
Wewe nyamaza.

Nesi wa Usiku
Naomba nafasi, nafanya kazi wodi ya upasuaji. Wote wawili mko sawa. Mshono kuvuja kunawapata wachache, kama mmoja au wawili kati ya mia au chini ya hapo, lakini anayepatwa hana muda wa kupoteza. Bega la gesi linabadilika ukibadili mkao na kila siku linapungua. Linaloambatana na moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, homa, pumzi fupi au maumivu yanayozidi, rudi hospitali, hata kama simu imekwambia tembea. Ukifika taja upasuaji kwanza, kabla ya jina lako.

Na kutapika. Watu huvumilia kutapika wiki nzima, mbili, wakidhani ndiyo tumbo jipya. Hapana. Vitamini B1 haikai akiba kubwa mwilini, ikiisha mtu anaanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa. Ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Mwambie atakayekutundikia dripu ya sukari kwamba unatapika siku nyingi, maana B1 inatakiwa itangulie.

Mengine nitaandika zamu ikiisha.

Tumbo Jipya
Hiyo ya B1 sikuwahi kuisikia. Mimi niliambiwa B12, chuma na kalisi tu, kwa maisha yangu yote.

Sukari Ndugu Yangu
Jamani tupoze kidogo. Baipasi hapa. Niliambiwa kuhusu dampingi, kitu kitamu kinapokimbilia utumbo kwa kasi, nikaitikia "ndiyo daktari" kama tunavyoitikia wote. Ikaja sherehe ya mtoto wa rafiki, kipande cha keki, kidogo, cha heshima. Hata nusu saa haikuisha. Jasho, moyo, tumbo linanguruma mpaka mwenye nyumba akageuka. Nililala kwenye sakafu ya choo cha watu na nguo zangu za sherehe, nagongewa mlango naulizwa kama keki ilikuwa mbaya. Keki ilikuwa nzuri sana.

Mzee wa Supu
Ndiyo maana nilichukua slivu. Sukari mbele yangu inapita salama.

Sukari Ndugu Yangu
Na kiungulia chako cha usiku mzee, nacho kinapita salama? Wewe si ndiye unayelala umekaa?

Mzee wa Supu
Hilo ni jambo la familia.

Sukari Ndugu Yangu
Na kuna dampingi ya pili, inakuja saa moja hadi tatu baadaye. Sukari inashuka ghafla, mikono inatetemeka. Ukiwa unaendesha gari ni hatari.

Kichwa Wazi
Mbona hakuna anayetaja nywele? Mwezi wa tatu zilianza kubaki mkononi. Nilinunua kila vidonge vya biotini vilivyopo duniani.

Dada Kilemba
Biotini haina kazi hapo kama huna upungufu wake. Kula protini, gramu 60 mpaka 80 kwa siku, zinarudi zenyewe. Usifikiri jina langu limetoka hewani.

Tumbo Jipya
Mimi nilinyoa zote. Tatizo likaisha.

Mama Ghafla
Nitaje na la kwangu. Miaka tulihangaika kutafuta mtoto, nikakata tamaa. Uzito ulipoanza kushuka, hedhi ikarudi kwenye mstari, na vidonge vya kuzuia nilikuwa nameza maana tuliambiwa tungoje miezi 12 hadi 18. Hakuna aliyenieleza kwamba baada ya baipasi vidonge vinaweza visinyonywe vizuri. Mtoto yupo, mzima, ana meno mawili. Ila ule ujauzito nililala na kuamka maabara wakipima damu yangu. Dada zangu, ulizeni njia nyingine kabla ya kuruhusiwa.

Kicheko
Hongera Mama Ghafla! Jina limekaa.

Mlinzi wa Jiko
Mimi langu dogo. Dawa za maumivu. Goti liliuma nikanunua diklofenaki kama siku zote. Walionifanyia baipasi walisema usiguse hizo wala ibuprofeni, muuza dawa hakuuliza na mimi sikukumbuka. Nikapata kidonda pale walipounganisha tumbo na utumbo, natapika vitu vyeusi. Andikeni kwenye karatasi mkae nayo kwenye pochi.

Ngazi ya Pili
Na pombe. Glasi moja inakupanda kama vile tatu za zamani. Wapo walioacha kula wakahamia huko, bila kuwataja.

Bi Nusu Sahani
Kabla hatujafika mbali, nani alikuwa na mtu? Maana mimi nyumbani walinipenda, ila kila mtu alikuwa na sahani yake na mimi na kijiko changu, na hawakujua waniambie nini.

Tumbo Jipya
Mimi na mwenzangu wa chumba tulibadilishana namba siku ya kuruhusiwa. Kila asubuhi ananitumia neno moja: "Funda?" Najibu "funda". Asipojibu napiga. Hatukuwa marafiki kabla, hata sasa sijui anafanya kazi gani. Alinikuta siku moja nalia kwa sababu ya kipande cha mkate kwenye tangazo la televisheni, akasema na yeye huwa analia, wake ni wali. Tukacheka mpaka mishono ikauma.

Kichwa Wazi
Mimi wangu alikuwa anakula kwa kuibia. Tukawa tunaibia wote. Chagueni vizuri.

Pini Moja
Mimi niliendewa na mtu aliyevuja kabla yangu. Alikaa kando ya kitanda, akainua fulana akanionyesha makovu ya mirija, akaishusha, tukaongea mpira. Ilitosha.

Nasubiri Tarehe
Nimerudi. Sijaahirisha. Nimemfundisha kaka yangu kuhesabu mapigo, tangu saa nne ananihesabu kila akipita sebuleni, kero tupu. Namba ya Tumbo Jipya naiomba faraghani. Swali langu ni moja: maji ninywe kwa mrija au bila mrija?

Dada Kilemba
Bila. Mrija unaingiza hewa.

Sukari Ndugu Yangu
Kwa mrija. Mimi bila mrija nisingemaliza hata kikombe.

Mzee wa Supu
Kijiko.

Nasubiri Tarehe
Haya.