Yule wa fito kanipangusia dizeli kwenye shati, tena mbele ya tandiboi (utingo) wangu

Usukani Mzito:
Wakuu, naandika bado nanuka. Sijaoga, sijala, chaji ya simu asilimia 11, kwa hiyo nikikatika mjue sijakimbia maswali.

Simtaji. Kuanzia Namanga mpaka Kibaha hakuna dereva asiyemjua. Yule mwenye funguo kiunoni kama bwana jela, anayezunguka yadi na fito yake ya mpera ya kupimia dizeli kama mchungaji aliyepoteza ng'ombe wote. Ndiye huyohuyo.

Nimeingia Arusha saa kumi na moja alfajiri natoka Dar, mabati mgongoni. Mlandizi nimeganda kwenye foleni mpaka muuza karanga akanizoea. Njiapanda Himo foleni ya mizani, gari linaunguruma, haliendi. Na Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, mjue mzigo nimeutoa pwani kabisa. Ukishaiacha Bomang'ombe gari lenyewe linaanza kuhema. Hiyo dizeli inapanda kwa miguu? Ila huyu atajulia wapi, safari yake ndefu kuliko zote ni kutoka kwenye kiti mpaka getini.

Shikamoo hakunipa. Mtoto ambaye mimi nashika usukani yeye hajaota meno! Kafungua tenki, kazamisha fito, kaitoa, kaimulika na tochi ya simu, halafu KAINUSA. Dizeli, wakuu. Anainusa kama mama mkwe aliyeletewa mchuzi. Kisha kwa sauti ya mnadani: "Mzee, hili gari ndilo linalokunywa au ni wewe?"

Hilo ningelimeza, barabarani nimeshameza makubwa zaidi. Lakini akaichukua ile fito akaipangusia kwenye shati langu. Begani. Upande mmoja, akaigeuza, na wa pili. Taratibuuu, kama muuza mishkaki anasafisha kisu. Shati la soko la Memorial pale Moshi, nimelivaa mara mbili tu, nililitoa kwenye begi pale Usa River ili nifike nyumbani nafanana na baba wa watu. Na tandiboi wangu, niliyemnunulia vitumbua Same kwa hela ya posho yangu, kacheka mpaka kakaa chini ya taili.

Lori lina kifaa, tajiri akiwa kitandani anajua nimesimama Hedaru kuchimba dawa. Sasa fito ya nini? Na kama ni lazima kupangusa, mataili yako 22 pale, yote meusi, hayana mke. Akachagua bega!

Namwachia Mungu. Mungu akichelewa natafuta fito yangu.

Tela Tupu:
Pole mkuu. Nimesoma mara mbili, sijaona pale unaposema dizeli ilikuwa kamili.

Gia ya Kumi:
😂😂😂 Tela Tupu umeua mtu asubuhi yote hii.

Usukani Mzito:
Mimi naongelea shati, nyie mnaongelea dizeli.

Chalii wa Ngarenaro:
Dingi tulia. Shati la mtumba la buku tatu unalililia kama suti ya harusi. Alikupaka mafuta tu, wengine wanalipia kanisani.

Tandiboi Mstaafu:
Mimi niko upande wa tandiboi. Vitumbua viwili kutoka Dar mpaka Arusha halafu asicheke? Hicho ndicho chakula pekee ulichompa.

Mama Wawili Njiro:
Afadhali wewe umefika. Wangu kanipigia juzi usiku, "nakaribia Mwanga". Jana asubuhi, "nakaribia Mwanga". Leo nimempigia, simu kapokea mtu anakohoa kike, anasema baba amelala. Jamani, Mwanga imehamishiwa wapi?

Tela Tupu:
Dada, hiyo ni pancha. Pancha za Mwanga huwa zinachukua siku mbili.

Gia ya Kumi:
Zinakohoa pia.

Usukani Mzito:
Turudi kwenye mada tafadhali. Aliigeuza fito. Angepangusa upande mmoja ningesema bahati mbaya.

Mzee wa Turubai:
Bwana mdogo, una shati la kufua unalia? Mimi juzi nimepanda mizani na mahindi, ekseli 7, jumla niko chini ya zile tani 56 zinazoruhusiwa kabisa. Ekseli za nyuma zimezidi! Tandiboi alifunga kamba huku anachati, kwenye matuta magunia yote yakahamia nyuma kama abiria wanaomkimbia kondakta. Nimepanga gunia mojamoja saa nane usiku, mvua hiyo, turubai limejaa maji likanimwagikia lote shingoni. Tajiri nampigia, hapokei. Saa mbili asubuhi ananitumia ujumbe: "Mbona hujasogea?"

Tandiboi Mstaafu:
Kila kitu tandiboi. Mwanamke akikohoa Mwanga nayo tandiboi.

Gia ya Kumi:
Mzee wa Turubai, kama ulikwama Himo hukupata hasara, ungesubiri asubuhi upate mtori.

Mzee wa Turubai:
Mtori wa Himo? Ule wa kuhesabu ndizi kwa macho? Ndizi tatu zinaogelea.

Chalii wa Ngarenaro:
Wazee mtori wa kweli ni Bomang'ombe. Unasimamisha kijiko.

Gia ya Kumi:
Bomang'ombe wanaweka unga, acheni ushamba. Ndizi haiwezi kuwa nzito hivyo.

Mama Wawili Njiro:
Mtori unapikwa nyumbani. Ndiyo maana hamfiki.

Usukani Mzito:
Hawaweki unga. Mimi nimekula Bomang'ombe leoleo alfajiri, supu ya mifupa, ndizi imepondwa mpaka imesahau ilikuwa ndizi.

Tela Tupu:
Kumbe ulipita kula. Uliposema hujala?

Usukani Mzito:
Mtori unanywewa, hauliwi. Chaji asilimia 2.

Gia ya Kumi:
Upande gani wa barabara?

Usukani Mzito:
Ukitoka Moshi ni kushoto, kwa yule mama mwenye sufuria lisilo na mkono. Wahi, saa mbili nyama imei