Nipo Tandika, napikia mkaa: hivi hewa ukaa yangu mimi ni ipi?

JiraniWaTandika: Wakuu, ndugu yangu katua jana na ndege kutoka Ulaya, kanikuta napepea jiko, akanipa somo la hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoongeza joto duniani. Eti mkaa wangu unaua dunia. Mimi napanda daladala, nina feni moja, nyama ni ya sikukuu. Nipunguze nini?

Kibatari: Mkaa. Kwenye tanuru la udongo kilo 1 inakula kuni kilo 6 mpaka 10, wewe unatuhesabia feni. Lengo la serikali ni asilimia 80 tupikie nishati safi ifikapo 2034. Chukua mtungi mdogo wa kilo 6. Watu wa mkaa mna ubishi tu, na uroho wa ukoko.

BintiMsasani: Ukoko umekukosea nini? Wali wa nazi usiopaliwa makaa juu ya mfuniko ni uji uliokauka.

Kibatari: Dada, gesi ukiipunguza, ukaweka bati chini ya sufuria, wali unakauka vizuri.

BintiMsasani: Bati! Nani anakupikia?

Kibatari: Najipikia.

BintiMsasani: Nilijua.

MzeeKorosho: Mnagombania wali. Huu mtindo wa kila mtu kujipimia hewa ukaa yake ulivumishwa na BP, wauza mafuta hao, miaka ya 2000. Anauza petroli halafu anakuuliza umepikia nini! Na gesi ya mtungi si mambo hayo hayo, inakuja na meli?

Kibatari: Shikamoo mzee, ila hapo umekwepa. Moshi wa jikoni anauvuta mama yako, BP hayupo.

MzeeKorosho: Marahaba. Mama yangu mwache.

Kibatari: Nimesema mfano tu.

MzeeKorosho: Tumia wa kwako.

FundiPasi: Maharage yaloweke usiku, tia kwenye jiko la presha la umeme. Yuniti moja haiishi.

JiraniWaTandika: Na hilo jiko napimiwa kwa kopo? Mkaa nanunua kopo moja, nakula, kesho nayo ina riziki yake. Mtungi ukiisha tarehe 20 nafanyaje?

FundiPasi: Kuna gesi ya mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu. Ulizia mtaani kwenu.

BintiMsasani: Mleta mada, na huyo mgeni wa ndege alikula?

JiraniWaTandika: Sahani mbili. Ukoko kafungiwa.