Naomba ushauri: timu imsajili mrushaji huru mapema, au isubiri bei ishuke?

Ndugu wanachama, naombeni mawazo yenu. Mimi ni shabiki wa San Francisco Giants katika besiboli ya Marekani, na kila soko la wachezaji huru (wasio na mkataba na timu yoyote) linapodorora nasikia hoja kwamba timu ivute subira hadi Machi, msimu unapokaribia kuanza, mchezaji akubali mkataba mfupi.

Hoja hiyo inanitia wasiwasi kwa sababu ya Blake Snell, mrushaji mpira ambaye alikuwa ametwaa tuzo ya Cy Young (ya mrushaji bora wa ligi) ya mwaka 2023, akapitisha majira yote ya baridi bila timu, na Giants wakampata Machi 2024 kwa dola milioni 62 za miaka 2, huku mkataba ukimruhusu kuondoka baada ya mwaka 1. Alianza msimu bila maandalizi ya kutosha, wapigaji wakaipiga vibaya mipira yake, akaumia. Tarehe 2 Agosti aliwanyima timu ya Cincinnati pigo salama (la kumfikisha mpigaji kituoni) hata moja katika mechi nzima (nilifurahi mno!), lakini msimu ulipokwisha alihamia kwa mahasimu wetu, Dodgers.

Je, unafuu huo wa bei unafidia miezi iliyopotea, au ni heri timu ikubali kumlipa mrushaji kwa miaka mingi ili aripoti kambini mapema? Wenye uelewa wa mikataba hii, tafadhali nielewesheni.