Maafa yakitokea tuchangie nguo au fedha?

Mtaa_wa_Pili: Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha mtaa hapa Dar kinataka kujipanga kabla ya masika. Tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuivamia Katesh asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, wengi walikimbilia kukusanya nguo. Ndivyo inavyotakiwa? Na fedha tuzishikeje ili maneno yasizuke?

Koleo: Mkuu, kabla ya kufungua kabati pigeni simu kwa kamati ya maafa ya wilaya, muulize kimepungua nini leo. Orodha ya juzi imeshapitwa. Nguo za mchanganyiko ni mzigo: zinahitaji ghala, gari na watu wa kuzichambua wakati mikono hiyohiyo inatakiwa kuzoa tope. Mkilazimika kuzituma, zifueni na zikauke kabisa, maana kiroba kimoja chenye unyevu huotesha ukungu kwenye rundo zima. Viatu vifungwe pea kwa kamba. Juu ya kiroba andikeni kwa maka: "wanawake, kubwa", "watoto miaka 5–8". Kiroba kisizidi kilo 25, mtu mmoja aweze kukibeba. Nguo za ndani ziwe mpya tu, na pedi ziende pamoja na chupi. Aliyepoteza vyote pedi peke yake haimsaidii. Halafu Katesh usiku ni baridi: blanketi kwanza, fulana baadaye.

Kibaba: Chakula kinunuliwe karibu na eneo la tukio. Kwa Hanang ingekuwa Babati au Singida, siyo Kariakoo. Nauli inapungua na wenye maduka wa kule wanaendelea kuishi.

Hesabu ya familia ya watu 5 kwa siku 7: sembe kilo 14, choroko kilo 2, mafuta lita 1, chumvi robo kilo. Hapo bado hamjafika kilokalori 2,100 zinazolengwa kwa kila mtu kwa siku, ongezeni karanga kilo moja na nusu. Nimesema choroko na siyo maharage kwa sababu kuni zimelowa, na maharage yanakula kuni nyingi. Sufuria na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko visisahaulike, watu hupeleka unga kwa mtu asiye na chombo cha kupikia!

Maziwa ya kopo ya vichanga msipeleke. Maji ni machafu, mama atayazimua maziwa hayo ili yadumu, mtoto ataharisha, na akipunguza kunyonyesha maziwa ya mama nayo yanapungua. Mlisheni mama.

Daftari: Upande wa fedha: akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, isiwe namba ya simu ya mtu. Kila jioni mweka hazina atume kwenye kundi kiasi kilichoingia, kilichotoka na picha ya risiti. Tangazeni mapema tarehe ya kufunga michango na salio litakwenda wapi.

Kugawa ndiko kwenye ugomvi. Majina yasomwe hadharani mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mabalozi wa nyumba kumi kabla gari halijafika, watu wapinge au waongeze. Wanaosahaulika sana ni waliohifadhiwa na ndugu, kwa sababu orodha huandikwa kambini. Kila kaya ipewe kadi yenye namba, mpokeaji asaini au aweke dole gumba, na kazi iishe kabla ya giza. Wazee na wajawazito wasipange foleni. Picha pigeni ya mzigo; sura ya mtu anayepokea unga siyo risiti.

Mtaa_wa_Pili: Nimewaelewa. Tukibaki na salio wiki ya tatu?

Koleo: Hapo ndipo magari ya misaada huanza kuadimika. Ulizeni sare za shule, madaftari, majembe na mbegu, kama msimu wa kupanda haujapita.