Maumivu makali wakati wa haja kubwa: ni bawasiri kweli?

Mkulima wa Newala:
Ndugu zangu, habari za leo. Tangu msimu wa korosho uanze, kila nikienda haja kubwa napata maumivu makali kama ya wembe, nayo huendelea kwa muda mrefu baada ya kumaliza, na ninapotawaza naona damu nyekundu kidogo. Hakuna kinyama kilichotoka. Jirani anasema ni bawasiri na ameniletea unga wa kupaka ili ikauke. Je, niutumie?

Tabibu, Mtwara mjini:
Pole sana, ndugu. Unga huo usiupake, kwa kuwa dawa za kukausha huunguza ngozi, na kovu lake linaweza kuibana njia yenyewe.

Maelezo yako yananielekeza kwenye mchaniko, yaani ngozi ya njia ya haja kubwa iliyochanika, kuliko bawasiri. Bawasiri ya ndani kwa kawaida hutoa damu bila kuuma, na ikikua ndipo kinyama hutoka, kikarudi chenyewe au kikahitaji kurudishwa kwa kidole. Ile ya nje huuma ghafla damu inapoganda ndani yake, na utagusa kivimbe kigumu. Mchaniko huuma choo kinapopita, kisha msuli unaofunga njia hiyo hukaza, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na kidonda hakifungi.

Kwa hiyo shabaha ni mbili: kulainisha choo na kulegeza msuli. Kunywa maji ya kutosha (najua huko kwenye uwanda maji ni ya kutafutwa, lakini hapa hakuna njia ya mkato), kula mbaazi, kisamvu na mapapai, na kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15 kila baada ya haja. Ukikosa nafuu, daktari huandika dawa ya kupaka ya kulegeza msuli, ambayo hutumika kwa wiki 6 hadi 8; wachache ndio hufikia upasuaji.

Mama Masasi:
Naomba kuongeza, kaka. Mume wangu naye aliambiwa bawasiri, kumbe ni jipu: lilimuuma usiku na mchana, hata asipokwenda chooni, na homa juu. Alimeza antibayotiki bila mafanikio mpaka lilipopasuliwa. Baadaye pakabaki kitundu kinachovuja usaha, akafanyiwa upasuaji tena.

Tabibu, Mtwara mjini:
Ni kweli, dada. Jipu la hapo hutibiwa kwa kupasuliwa, na kitundu hicho ni fistula, yaani kijinjia kinachotoka ndani ya njia ya haja hadi kwenye ngozi ya nje, ambayo dawa za kumeza haziifungi.

Mkulima wa Newala:
Nashukuru. Nina miaka 54. Naweza kusubiri mavuno yaishe?

Tabibu, Mtwara mjini:
Maji ya vuguvugu anza leo, lakini kwa umri huo usisubiri kupimwa. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, hasa damu ikichanganyika na choo, uzito ukipungua au mpangilio wa choo ukibadilika, na mtu anaweza kuwa na mchaniko na saratani kwa pamoja. Anzia hospitali ya wilaya. Mwambie daktari mapema kwamba unaumia sana, ili akuangalie kwanza kwa macho na kipimo cha kuingiza kidole akiahirishe mpaka maumivu yapungue.