Sony a6400 iliyotumika au ZV-E10 II mpya kwa kazi za harusi?

Picha_Tabata: Wakuu, habari za kazi. Napiga harusi na send-off kwa Nikon D7200. Siku hizi mteja hata hajauliza idadi ya picha, anataka kujua video fupi ya Instagram ataipata lini. Kuna wanaoitaka usiku uleule, albamu itakuja ikija. Nichukue ipi?

FundiKlipu: Mkuu, kama video ndiyo inayokulisha, ZV-E10 II. Inatoa video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, a6400 inaishia 30. Betri yake ni ile kubwa ya FZ100. Kioo cha a6400 kinafunukia juu, ukipachika tu maiki hapo imekiziba. Tena haina tundu la hedifoni: maiki ikizima katikati ya nasaha za baba mzazi, utajua ukifika nyumbani.

mama_lenzi: Ngojeni kwanza, jamaa anapiga harusi. ZV-E10 II haina shata ya mitambo (lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa), kwa hiyo flashi haifanyi kazi. Saa nne usiku ukumbini, taa za zambarau zimewamwagikia maharusi, picha za ukoo mzima utazipigaje? Kidirisha cha kuchungulia nacho hakuna. Ufukweni jua kali utakuwa unabahatisha. Mwaka 2008 Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilikuwa kamera za picha zilizoongezewa video. Leo video ndiyo mwenye nyumba, picha kapanga chumba cha uani.

Kaka_Angaza: Nikon wenyewe 2024 wameinunua RED ya kamera za sinema, mnategemea nini? Ila D7200 kwenye ibada ni mateso, haivuki dakika 29 na sekunde 59. Chanzo ni ushuru wa Ulaya: ikifika nusu saa ilihesabiwa kamera ya video. a6400 haina kikomo hicho.

FundiKlipu: Ya flashi nakubali, mama. Basi ZV-E10 ile ya kwanza: shata ipo, hedifoni ipo.

mama_lenzi: Hiyo ukiigeuza haraka kwenye 4K, nguzo za ukumbi zinapinda. Mimi D7200 nisingeiuza. Ibaki na flashi yake kwenye picha, ZV-E10 II ashike msaidizi, video tu.

Picha_Tabata: Msaidizi ninaye. Lenzi zangu za Nikon zitaingia?

FundiKlipu: Kwa adapta, ila jiandae kuvuta fokasi kwa mkono. Tenga hela ya lenzi moja ya Sony kabla hujalipa bodi ya kamera.