Starrett Brothers & Eken: kati ya miradi yao, upi una somo zaidi?

Mchoraji wa Mwanza
Wakuu, salaam. Natakiwa kuwasilisha mradi mmoja darasani, somo la usimamizi wa ujenzi. Nimeichagua kampuni ya Starrett Brothers & Eken ya New York, iliyoanza 1922. Nimebaki na mitatu: jengo la 40 Wall Street, Empire State, na mtaa wa Stuyvesant Town. Upi una cha kujifunza? Tafadhali msinitajie Empire State kwa kuwa tu ni maarufu.

Fundi Bakari
Empire State, na umaarufu weka pembeni. Angalia tofali tu. Zilihitajika kama milioni 10. Kwa mazoea, lori linamwaga barabarani, vibarua wanajaza matoroli. Sasa mwaga rundo pale Fifth Avenue uone kama mji hautasimama. Wao lori lilimwaga kwenye mfereji unaoshuka hadi kwenye pipa kubwa chini ya jengo. Ukifungua mlango wa pipa, tofali zinajaa zenyewe kwenye kigari, kigari kinapanda na lifti, huko juu kinakuta reli ndogo imetandikwa ghorofa nzima, kinasukumwa hadi alipo mwashi. Hakuna saidia fundi wa kukatika mgongo.

Na chakula je? Waliweka kantini ghorofani kwenyewe. Saiti zetu mama ntilie yuko getini. Ukishuka toka ghorofa ya kumi ukapanga foleni, muda wa kula umekwisha. Wao kazi ilipopamba moto walikuwa na watu 3,400 kwa siku, hebu piga hesabu ya saa zilizookolewa.

Vyuma vilitoka Pittsburgh vikiwa na alama ya mahali pa kila kipande. Fremu ikapanda kwa wastani wa ghorofa nne na nusu kwa wiki. Ujenzi ulianza 17 Machi 1930, jengo likafunguliwa 1 Mei 1931. Ghorofa 102!

Nuru Mombasa
Kaka Bakari, hiyo kasi hawakuiokota njiani. 40 Wall Street ilitangulia, mita 283, nayo ilisimama kwa takriban mwaka mmoja, 1929 hadi 1930. Wenyewe walitaka liwe refu kuliko yote duniani. Wapinzani wao wa jengo la Chrysler wakaunganisha mnara wa chuma kwa siri ndani ya jengo lao, wakauchomoza Oktoba 1929, mchezo ukaishia hapo. Ila kwa darasa la usimamizi, hilo ni suala la wenye pesa na wasanifu, si la mkandarasi.

(Halafu majengo yote mawili yaligongwa na ndege za jeshi kwenye ukungu, Empire State 1945, 40 Wall Street 1946. Mikosi mingine bwana!)

Mkadiriaji
Bakari anasifia bila kutaja mdororo wa uchumi. Kazi zilikuwa hakuna, bei za vifaa zimeshuka. Jengo lilitoka kwa dola milioni 24.7 bila kiwanja, chini kabisa ya makadirio. Sehemu ya akiba hiyo ni ufundi, sehemu ni njaa ya watu. Na likishafunguliwa, ghorofa nyingi zilikaa miaka bila mpangaji.

Bi Saida
Mbona Stuyvesant Town mnairuka? Nyumba 8,755 za watu wa kipato cha kati, mwenye mradi ni kampuni ya bima ya Metropolitan Life. Familia kama 3,000 zilihamishwa kupisha ujenzi, na wapangaji wa kwanza walipoingia 1947 Mweusi hakuruhusiwa kupanga. Kesi na maandamano vilifuata.

Fundi Bakari
Dada yangu, mkandarasi anajenga mchoro aliopewa. Orodha ya wapangaji haikuwa mikononi mwake.

Bi Saida
Sijasema ilikuwa. Nasema kijana akiuchukua mradi huo ataulizwa habari za mteja kabla ya habari za zege, kwa hiyo ajiandae.

Mchoraji wa Mwanza
Asanteni sana. Nachukua Empire State, lakini nitabaki na safari ya tofali peke yake, na hoja ya Mkadiriaji nitaiweka kwenye gharama.

Fundi Bakari
Hapo sawa. Chora hiyo njia kwa hatua, na onyesha kuwa malori yaliingia ndani ya jengo kushusha mzigo. Ukisahau hilo, mwalimu atakuuliza yalisimama wapi.